Imra, Mandi, Disani: majina ya miungu ya kale ya Nuristan yametoka wapi?

Mwana wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, na najua humu wamo watu wa lugha.

Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wa kidato cha tano waliniuliza kuhusu sanamu zilizovunjwa Afghanistan mwaka 2001. Wote wanazijua zile za Buddha kule Bamiyan. Nikiwa natafuta picha nikakutana na nyingine ambazo sikuwahi kuzisikia: sanamu za mbao zilizokuwa Makumbusho ya Kabul, nazo zikavunjwa na Taliban mwaka huohuo. Zilitoka Nuristan, kwenye mabonde ya Hindu Kush, mashariki mwa nchi. Majirani Waislamu walikuwa wakiiita nchi ile Kafiristan. Majira ya baridi ya 1895 kuingia 1896 Amiri Abdur Rahman Khan akaivamia kwa jeshi, wenyeji wakasilimishwa, sanamu kadhaa zikapelekwa Kabul kama nyara, na nchi ikaitwa Nuristan. Kafiri na nuru, sisi hatuhitaji kamusi hapo.

Kilichonishika ni majina ya miungu yao. Nimeandika haya: Imra, muumba, Moni, ambaye kwingine anaitwa Mandi, Gish wa vita, Bagisht wa maji na mali, Disani, mungu wa kike anayeheshimiwa kuliko wote, Indr, na Nirmali, mlinzi wa wanawake wanaojifungua.

Maswali yangu. Imra ana uhusiano na Imran wetu, yule wa Sura ya Al-Imran? Disani ni Diana wa Warumi? Nauliza hili la pili kwa sababu nimekuta watu wengi wanadai wenyeji wale ni wajukuu wa askari wa Iskandar wa Makedonia. Au majina haya yote ni ya Kihindu tu na mimi nahangaika bure?

Mdau wa Kisutu

Mkuu, mimi si mtaalamu ila nimekulia Kisutu, Dar, jirani na mahekalu ya Wahindi. Nirmali nimeshtuka kumuona, maana Nirmala ni jina la kawaida kabisa la akina mama wa Kihindi. Na Indr si ndiye Indra, mungu wa Wahindi? Mandi sijui, ila ungeniambia ni Mahadev kwa kifupi ningekubali. Kura yangu: hao walikuwa Wahindu waliosahaulika milimani.

Mzizi na Kiambishi

Mwalimu mwenzangu wa Tanga, asante sana kwa swali hili. Nilisoma isimu linganishi Oslo, na Oslo ndiko alikofundisha Georg Morgenstierne, Mnorwei aliyefika Kabul mwaka 1924 na kuja kuzijua lugha za mabonde yale kuliko mtu mwingine yeyote wa nje. Maandishi yake nilianza kuyasoma kwa ajili ya kozi. Kozi ilipokwisha niliendelea kwa mapenzi, na bado nayasoma.

Mdau wa Kisutu, kuhusu Mandi umelenga pazuri kuliko unavyodhani, nitalifikia. Lakini tukianza kwa kufananisha majina kwa sikio tutapotea. Tuanze na lugha zenyewe.

Lugha za Kinuristani ni chache: Kikati na lahaja zake kama ile ya kijiji cha Kamdesh, Kiprasun, Kiwaigali, Kiashkun na Kitregami. Ni ndugu wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na wajukuu zake upande mmoja, na wa Kiajemi na jamaa zake upande wa pili. Kwa muda mrefu watu walibishana ziwekwe kwa nani. Morgenstierne alifikia kwamba si za huku wala za kule, bali ni tawi la tatu la ukoo uleule, na wengi wetu tunamfuata. Sababu inasikika masikioni. Kumi kwa Kisanskriti ni *dasha*, kwa Kiavesta, lugha ya kale ya Iran, ni *dasa*. Kikati kinasema *duts*. Ile "ts" ni sauti ya kale ambayo ndugu wawili wakubwa walikwisha kuiacha. Sasa chukua theluji: Kisanskriti *hima*, Kiavesta *zim-* (majira ya baridi), Kikati *zim*. Penye H ya Kihindi ya namna hii, Kinuristani kina Z au DZ. Naomba muishike hiyo H na hiyo Z, maana kesi nzima ya miungu hii inasimama hapo.

Kwetu tunafanya hivyohivyo. Kiswahili *panda*, Gikuyu *haanda*, *paka* ya kupaka rangi, *haka*, *kupa*, *kũhe*. P yetu na H yao zinakutana tena na tena kwa utaratibu, na ndiyo maana tunasema ni maneno ya mzizi mmoja. Maneno mawili yakifanana mara moja tu bila utaratibu, hatujapata kitu.

Tuje kwa Imra. Usichukue umbo moja peke yake, panga ya mabonde yote. Kikati *Imro*. Kiashkun *Imra*. Kiprasun *Mara*. Kiwaigali *Yamrai*. Imran hawezi kutueleza ile "Ya" ya Kiwaigali. Isitoshe, jina hili lilikuwa midomoni mwa makuhani kabla ya jeshi la Amiri kuvuka mlima. Daktari Mwingereza George Scott Robertson aliishi Kamdesh mwaka 1890 na 1891, wakati dini ya kale ingali hai, na alimkuta Imra ameenea kila mahali. Alifika hata bonde la Prasun, kwenye hekalu kubwa la Imra katika kijiji cha Kushteki. Hekalu hilo liliangamizwa baada ya uvamizi.

Umbo la Kiwaigali ndilo linalotoa siri: *Yama-raja*, yaani Mfalme Yama. Hapo kila bonde linaeleweka. Wawaigali wamebakiza karibu lote. Wasemaji wa Kikati na Waashkun wamegeuza "Ya" kuwa "I" na kula mwisho. Waprasun wamekata mbele kabisa wakabaki na Mara. Jina linalotajwa kila siku katika sala huliwa na ulimi haraka. Sisi wenyewe tulikuwa na Mulungu kama Wagiriama walivyo naye mpaka leo. Ikadondoka L, vitabu vya karne ya 19 vikaandika Muungu, na leo ni Mungu.

Yama huyu ni nani? Katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo takatifu za kale za Kihindi, ni mwana wa Vivasvant, mtu wa kwanza kufa, aliyeitangulia njia ambayo wote tutaipita, na kwa hiyo akawa mfalme wa marehemu. Kwa Wairani wa kale ni Yima mwana wa Vivahvant, mfalme wa zama njema, aliyeipanua ardhi ilipowajaa watu na kujenga boma la kuwaokoa viumbe na baridi kali. Wakamwongezea sifa, *khshaeta*, mwenye kung'ara. Yima Khshaeta akawa Jamshed, kisha Jamshid.

Ndiyo, Jamshid. Wazanzibari wanalijua jina hilo. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Januari 1964, alibeba jina ambalo nusu yake ya kwanza ni yuleyule Yama aliyemo ndani ya Imra. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatembea kidogo.

Disani nitamrudia. Niwaache mpumue.

Mwana wa Chumbageni

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma mara mbili. Jamshid ameniacha mdomo wazi, na najua kesho darasani nitaanzia wapi.

Lakini sasa umenifungulia swali kubwa kuliko la kwanza. Kama Yama ni mfalme wa wafu, imekuwaje huku juu milimani awe muumba? Kwa akili yangu hizo ni kazi mbili zinazopingana.

Mzizi na Kiambishi

Marahaba, mwalimu.

Zinapingana ukimtazama Yama wa picha za baadaye za Kihindi, yule mwenye kitanzi, amepanda nyati, anakuja kuchukua roho. Ukirudi nyuma, yeye ni mtu wa kwanza. Mtu wa kwanza ni babu wa watu wote. Kutoka babu wa wote hadi aliyewafanya wote ni hatua fupi, na hasa akiwa amekwisha kuitwa mfalme. Wahindi walishika upande wa kifo chake, Wairani wakashika ufalme wake, watu wa Hindu Kush wakashika kule kutangulia kwake. Naona huo ndio moyo wa jambo hili lote: jina husafiri, kazi hubadilishwa na wenyeji wanaolipokea.

Na kazi waliyompa ni kubwa kwelikweli. Robertson aliandika alichosimuliwa: Imra aliumba ulimwengu, kisha kwa pumzi ya kinywa chake akawapa uhai Moni, Gish na Satram, ambaye ni wa mvua. Disani peke yake hakutoka kwenye pumzi. Alichipuka kutoka titi la kuume la Imra. Imra akamweka kiganjani akamrusha juu, naye Disani akaangukia ndani ya ziwa.

Sasa lile la H na Z. *Raja*, mfalme, ni neno la zamani sana la ukoo huu, na J yake ni ya kundi lilelile la sauti ambazo Kinuristani huzitoa kwa Z au DZ. Kama Wanuristani wangelirithi neno lote kutoka kwa mababu zao wenyewe, tungetarajia kusikia Z mahali fulani mwishoni. Yamrai haina. Ina I tu. Hiyo ndiyo njia waliyopita Wahindi: katika lugha zilizofuata Kisanskriti, J katikati ya irabu ililainika, *raja* ikawa *raya*, kisha *rai*, lile Rai mnalolisikia hadi leo kwenye majina ya Wahindi. Kwa hiyo vazi la jina hili limeshonwa upande wa India, hata kama imani ya mfalme wa kwanza ilikuwa mle mabondeni tangu zamani. Mimi naamini ilikuwamo. Watu hawampi mgeni kiti cha muumba hivihivi.

Mdau wa Kisutu

Dada Mzizi, kwa hiyo nilikuwa sahihi? Vazi la Kihindi, mtu wa Kihindi!

Mzizi na Kiambishi

Nusu, ndugu yangu, na nusu hiyo nakupa kwa mikono miwili.

Mandi ndiye anayekupa haki. Wataalamu wengi wanalisoma jina lake kama *Mahadeva*, mungu mkuu, uliyemtaja mwenyewe. Sasa weka kipimo chetu. *Maha*, kubwa, ina H ya aina ileile ya *hima*. Kiavesta, ndugu wa pili, kinasema *maz-*. Mnuristani aliyerithi neno hilo kwa mama yake angekuwa na Z: maza, madza, kitu cha namna hiyo. Mandi hana hata chembe ya Z. Basi jina limeingia kutoka kwa majirani wanaosema lugha za Kihindi, likiwa limekwisha kupata H, na H yenyewe ikayeyuka baadaye.

Sasa tazama alichofanyiwa alipofika. Mahadeva wa Kisutu ni Shiva. Moni wa Kamdesh hana habari na Shiva. Robertson alipotaka neno la kumweleza alimwita nabii, mtu wa kutumwa na Imra, na kazi yake ilikuwa kupigana na mashetani. Hakuna Brahmini huko, hakuna Veda, hakuna Ganesh mlangoni. Mbuzi ndiye mnyama safi, na ng'ombe walichinjwa mbele ya Imra. Hebu muulize jirani yako wa Kisutu kama anaweza kumwita Mhindu mtu anayemchinjia mungu wake ng'ombe.

Na Indr anatupeleka mbali zaidi ya India. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo wafalme wa Wahiti na wa Mitanni, falme mbili za kale za eneo la Uturuki na Syria ya leo, waliandikiana mkataba, na mabamba yake ya udongo yalichimbuliwa Boğazköy, Uturuki. Miungu iliyoitwa kushuhudia upande wa Mitanni ni pamoja na Mitra, Varuna, Indra na Nasatya. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa limeshafika mpaka Syria ya kaskazini kabla dini ya Kihindu haijawa na sura tunayoijua. Halafu Iran ikamgeuka. Katika Avesta, maandiko matakatifu ya Wairani wa kale, Indra anatajwa kati ya mashetani, na hata *deva*, neno la mungu kwa Kisanskriti, kule likawa *daeva*, shetani. Wanuristani hawakuufuata mgeuko huo. Indr wao alibaki kuwa mungu wa kuheshimiwa. Hilo linasema mengi kuhusu walivyokaa kati ya dunia mbili: Iran mlango wa pili, na mapinduzi ya Zarathustra, nabii wa Wairani wa kale, hayakupanda mlima.

Nirmali nakupa wote. *Nir*, bila, *mala*, uchafu. Asiye na doa. Kwa mlinzi wa chumba cha uzazi ni jina zuri mno, na ni Kihindi kitupu.

Mwana wa Chumbageni

Mwalimu, umenikumbusha. Disani na Diana? Na hao wajukuu wa Iskandar?

Mzizi na Kiambishi

Iskandar alipita Hindu Kush, hilo ni kweli. Lakini damu na simulizi mimi nawaachia wengine. Lugha ninaweza kuijibia. Lugha za Kinuristani hazina Ugiriki ndani yake. Kumi ni *duts*, si *deka*. Miungu ya Kigiriki haipo, hata mmoja. Na watu wa mabonde yale hawakuwa na simulizi moja ya asili. Wapo waliosema wametoka kwa Makureshi wa Uarabuni. Mtu wa Tanga atalielewa hilo bila maelezo, maana pwani yetu imejaa koo zinazosema zilishuka jahazini kutoka Shiraz. Simulizi kama hizo zinaeleza watu walitaka kuwa jirani wa nani. Nazipenda na nazisoma, ila siwezi kuzipa kazi ya kuthibitisha asili ya jina.

Diana anaanguka kwa sababu nyingine, ya ndani ya jina lenyewe. Umbo lake la zamani lilikuwa na *diw*, mzizi wa mwanga na anga, na katikati hapakuwa na S wala Z. Disani anayo: Kikati *Disani*, Kiprasun *Disni*, Robertson akasikia *Dizane*. Sauti hiyo ni uti wa jina, haiwezi kuzuka hewani. Ulinganisho wenye uzito zaidi ni na Dhishana wa Rigveda, anayehusishwa na neema na wingi. Disani naye ni mama wa neema: maziwa, mifugo, mazao, watoto. Kikati na wenzake hawana zile konsonanti za pumzi kama DH, kwa hiyo D ya mwanzo haitusumbui.

Kuna simulizi moja ya Disani ambayo Robertson aliiandika na ambayo mimi siichoki. Palikuwa na mti mmoja mtakatifu. Matawi yake yalikuwa familia saba za ndugu saba saba. Shina lilikuwa Disani. Mizizi ilikuwa Nirmali. Tazama sasa tulivyowatenganisha: Nirmali tumemwona ana jina la Kihindi linalosomeka hata na jirani wa Kisutu, na Disani ana jina lililofunikwa na zama. Wasimuliaji hawakujua wala hawakujali. Kwao ulikuwa mti mmoja.

Kuhusu Gish, ambaye hukumuuliza lakini ulimwandika: vijana wa Kamdesh walimpenda kuliko hata Imra, kwa sababu alikuwa wa vita na heshima ya mwanamume ilipimwa kwa maadui aliowaua. Katika Rigveda kuna neno *gavishti*, kutafuta ng'ombe, na lilitumika kwa maana ya vita, maana vita vyenyewe vilikuwa vya kuteka mifugo. *Gavish* ikibanwa inakuwa Gish bila taabu. Wamasai na Wasukuma wangeelewa mara moja kwa nini neno moja libebe yote mawili.

Bagisht nitampita haraka. Mwanzo wa jina unakumbusha *baga* ya Kiajemi cha kale na *Bhaga* wa Kisanskriti, mgawaji wa mafungu, na yeye ni mgawaji wa mali. Mwisho wa jina unahitaji kazi zaidi kabla ya kulitegemea.

Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Mie huwa nasoma tu humu, leo nimeona niseme.

Niko Muscat, na kazini tuko na bwana mmoja wa Chitral, Pakistan, ambako ni ng'ambo tu ya mlima kutoka huko Nuristan. Nilimwonesha mjadala huu nikawa namfasiria. Anasema kwao wapo Wakalasha, watu elfu chache katika mabonde matatu, Bumburet, Rumbur na Birir, na hao dini yao ya kale bado wanayo mpaka leo. Jeshi la Amiri halikuwafikia kwa kuwa upande ule ulikuwa chini ya Mwingereza. Mwezi wa Desemba wana sikukuu kubwa, Chaumos, ambapo mungu wao Balumain huja kuwatembelea. Na akataja Mahandeo! Nikaruka kwenye kiti. Huyo si Mandi wenu?

Akasema pia wanaye Jestak, mlinzi wa nyumba na familia, na muumba wao humwita Dezau, siku hizi hata Khodai kama Waajemi. Mbona hakuna Imra hapo?

Mzizi na Kiambishi

Wa alaykum salaam, sheikh wangu. Umeleta kitu ambacho hakipatikani vitabuni kirahisi, na mfikishie bwana huyo salamu na shukrani zangu.

Kwanza tahadhari moja. Wakalasha wa Chitral wanasema lugha ya tawi la Kihindi, jirani ya Kikhowar ambacho bila shaka ndicho lugha ya mwenzako. Si Kinuristani. Utata unakuja kwa sababu hata Wawaigali wa Nuristan lugha yao wanaiita ya Kikalasha. Jina moja, lugha mbili za matawi mawili. Vitabu kadhaa vimewachanganya.

Mahandeo ndiye huyo huyo, naam. Na tazama: kwa Wakalasha H imesimama wima. Wao ni wa tawi la Kihindi, H ni yao kwa haki ya kuzaliwa. Ukiweka Mahandeo wa Bumburet karibu na Mandi wa Prasun unaona njia ambayo jina lilipanda mlima. Jestak pia ni Kihindi: *jyeshtha*, mkubwa, kwa umbo la kike. Mama mkuu wa nyumba.

Dezau ndiye anayenifurahisha zaidi, kwa sababu yeye anatembea kinyume. Mzizi wake maana yake kukanda, kufinyanga udongo kwa mikono. Kwa Kisanskriti mzizi huo una H, unaonekana katika *deha*, mwili, kitu kilichofinyangwa. Kama Wakalasha wangeurithi kwa mama yao wangekuwa na H hiyohiyo, au pengo pale ilipodondoka. Dezau ana Z. Na ng'ambo ya mlima, Kikati kina *dez-*, kuumba. Basi muumba wa Wakalasha amepewa jina lake na Wanuristani. Mandi alikwenda kwa Wanuristani kutoka kwa majirani Wahindi, na Dezau akaja kwa Wakalasha, bila shaka pamoja na wake walioolewa huku na huku, mbuzi waliouzwa na makuhani waliokuwa wakitembeleana. Hawa hawakuwa watu waliofungiwa milimani. Walikuwa wanapeana mpaka majina ya muumba.

Hilo ndilo jibu langu pia kwa aliyeuliza mbona hakuna Imra. Nafasi yake ilikwisha kujazwa na jina jingine kutoka nyumba hiyohiyo.

Na mzizi huo wa kufinyanga mnao wenyewe, nyote mliomo humu. Kwa Kiavesta boma lililofinyangwa kuzunguka bustani lilikuwa *pairidaeza*. Wagiriki wakalichukua, Waarabu wakalipokea, likafika pwani yetu ndani ya Kurani: Firdausi. Ile Z ya Dezau imo mle, imegeuka tu sauti njiani.

Mwalimu wa Tanga, ukitaka kuwapa wanafunzi wako kitu cha kushika, wape safu mbili tu ubaoni. Upande mmoja *hima* na Mahandeo, upande wa pili *zim* na Dezau. Waulize kabla hujawaambia lolote nani kakopa kwa nani. Kidato cha tano wataweza.

Na wewe sheikh, nina ombi. Ile D ya mwanzo ya Dezau nimeisoma imeandikwa kama ya kukunja ulimi nyuma, kama D nzito ya Wahindi. Muulize mwenzako anapowasikia majirani zake wanalitamkaje.

Mpemba wa Muscat

Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Amelitamka mara tatu, na ulimi unakunjika. Anasema Alhamisi atampigia jamaa yake wa Bumburet tumsikie Mkalasha mwenyewe. Nitarikodi nilete humu, akikubali.